Mdogo wangu amepooza: je, kompyuta inaweza kuunganishwa na ubongo wake?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu alikuwa mkwezi. Miaka mitatu iliyopita alianguka mnazini huku kwetu Pangani, akavunjika shingo. Anaongea vizuri, anageuza kichwa, mabega anayainua kidogo, lakini mikono na miguu haina kazi tena. Juzi kanionyesha video ya Mmarekani aliyepooza kama yeye akicheza chesi kwenye kompyuta kwa kuwaza tu, eti amewekewa chipu kichwani. Tangu siku hiyo hana habari nyingine. Mjomba wetu anasema miaka ishirini ijayo watu wote watakuwa wameunganishwa na kompyuta, na akili ya mtu itahamishiwa humo ili asife. Mama kasikia, kakataa katakata. Anasema kitu kikikaa kichwani mwa mtu kitamtawala na kumtoa siri zake zote. Nani yuko sawa? Na mdogo wangu anaweza kukipata?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mdogo wako pole nyingi, na mama pia. Hapo nyumbani kwenu kila mtu kashika kipande cha ukweli, ila mjomba kipande chake ndicho kidogo kuliko vyote.

Video ni ya kweli, haikuchezewa. Kijana huyo ni Noland Arbaugh. Alivunjika shingo mwaka 2016 akiogelea ziwani, na Januari 2024 akawa mtu wa kwanza kuwekewa kipandikizi cha Neuralink, kampuni ya Elon Musk. Ni kidude cha mviringo, ukubwa kama wa sarafu, kinachoziba tundu lililotobolewa kwenye fuvu. Chini yake kuna nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, zilizoshonwa na roboti kwenye gamba la ubongo, na kwenye nyuzi hizo kuna vituo 1,024 vya kunasa umeme. Vituo hivyo ndivyo tunavyoviita elektrodi. Kinachonaswa kinarushwa hadi kwenye kompyuta kwa bluetooth. Ukikitazama hivyo ni kitu kidogo tu, lakini safari ya kukifikia imechukua karibu miaka mia.

Mwaka 1924, katika mji wa Jena, daktari Mjerumani aitwaye Hans Berger alimbandika mtu elektrodi kichwani akaona umeme wa ubongo ukichora mstari unaochezacheza. Alikaa nao miaka mitano akiogopa kuchekwa, akachapisha mwaka 1929. Mashine ya EEG, yaani ya kuchora umeme wa ubongo, ambayo mimi nimeitunza nusu ya maisha yangu ya kazi hospitalini, ni mjukuu wa ile. Tunaitumia zaidi kupima kifafa. Udhaifu wake ni kwamba inasikiliza kupitia fuvu, na fuvu ni ukuta. Ni kama kusikiliza ngoma ya harusi ukiwa nyumba ya tatu. Utajua imeanza, utajua imechanganya, utajua watu wamelala. Lakini somo anachomnong'oneza bibi harusi chumbani hutakisikia. Tena mgonjwa akikaza taya kidogo tu, mstari unaruka wote. Na dada akija amesuka rasta, elektrodi haigusi ngozi. Nimeona watu wakirudishwa nyumbani wakafumue. (Waliobuni mashine hii hawakuwa na nywele zetu akilini. Kuna wahandisi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliobuni elektrodi inayobana katikati ya mistari ya msuko, yaani twende kilioni yenyewe ndiyo inayoshikilia kifaa. Nilipoiona nilicheka peke yangu ofisini.)

Ndiyo maana wengine wakaamua kuvuka ukuta.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo la kwanza la kumwambia mdogo wako. Amri ya kuinua mkono huanzia juu ya ubongo, kwenye ukanda unaopita utosini kwenda usawa wa masikio. Seli za pale hutoa cheche ndogo za umeme, na cheche hizo hushuka kwenye uti wa mgongo hadi mkononi. Yeye barabara imekatika shingoni, lakini mji ulio juu ya barabara uko salama. Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza: mtu akikaa miaka bila kutumia mkono, je, mji ule hauhami? Jibu lilitoka kwa Matt Nagle, kijana wa Massachusetts aliyechomwa kisu shingoni mwaka 2001. Mwaka 2004 alipandikizwa kibao cha milimita 4 kwa 4 chenye sindano ndogo zipatazo mia. Wakamwambia, waza unasogeza mkono. Seli zikasema. Miaka mitatu mkono haujatikisika, na ubongo ulikuwa bado unautuma kila siku. Nagle alisogeza kishale kwenye kompyuta, akafungua barua pepe, akabadilisha sauti ya televisheni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006; mwenyewe alifariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mdogo wako anaposema "nikitaka kuinua mkono nahisi kama nauinua", msimwambie anajifariji. Inawezekana kabisa ubongo wake unafanya hivyo hasa.

Utaniuliza: kompyuta inajuaje seli zimesema nini? Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86. Gawanya kwa elektrodi 1,024, unapata elektrodi moja kwa kila seli milioni 84. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61 na ushei. Yaani ni kama kutaka kujua nchi nzima inasema nini ukiwa na maikrofoni ambayo hata haijatimia moja. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kumkatisha mtu tamaa, isipokuwa kwamba eneo la mkono limejipanga vizuri. Kila seli pale ina upande inaoupenda: hii huchangamka zaidi mkono ukienda kulia, ile ukienda juu. Hakuna seli moja inayoamua. Umewaona wavuvi wakivuta juya pwani? Kila mmoja anavuta kwa upande aliosimama na kwa nguvu zake, na juya linakwenda kunakotokana na mvuto wao wote. Ukisimama ukawatazama watu thelathini tu kati ya wale, utakisia juya linaelekea wapi. Kompyuta inafanya hesabu hiyohiyo.

Lakini kwanza ifundishwe. Mgonjwa anaonyeshwa nukta inayokwenda kulia, anaambiwa awaze anaifuata kwa mkono. Kisha kushoto, kisha juu, mamia ya mara. Programu inaweka alama: seli hizi zikilia hivi, maana yake kulia. Na huku nyuma jambo la pili linatokea ambalo mimi ndilo linalonivutia kuliko chipu yenyewe. Ubongo nao unajifunza kompyuta. Eberhard Fetz alilionyesha mwaka 1969 kwa nyani: alimpa chakula kila seli moja tu ya ubongo wake ilipochangamka, na nyani akajifunza kuichangamsha seli ile kwa makusudi. Muulize mdogo wako siku zake za mwanzo mnazini. Alikuwa anawaza mguu uwekwe wapi, kamba ikazwe vipi. Baadaye alikuwa anawaza nazi tu, miguu inapanda yenyewe. Waliopandikizwa nao husema hivyohivyo: mwanzoni unawaza mkono, baada ya majuma unawaza kishale.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kompyuta na ubongo vinaungana, nitakuambia vinazoeana. Kuungana, kwa maana ya mjomba, ni habari nyingine.

Yaliyofikiwa kwa njia hii si haba. Mwaka 2011 Cathy Hutchinson, aliyepooza kwa kiharusi karibu miaka 15, aliongoza mkono wa roboti kwa mawazo akajinywesha kahawa mwenyewe. Mwaka 2023 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walitangaza kwamba Gert-Jan Oskam, Mholanzi aliyeumia kwenye baiskeli, aliwekewa kifaa kinachochukua amri ubongoni na kuipeleka chini ya pale uti wa mgongo ulipoumia, akatembea akishika vyuma vya kuegemea. Mwaka huohuo timu mbili za California ziliwarudishia usemi wanawake wawili waliokuwa hawaeleweki kabisa: mmoja alifika maneno 62 kwa dakika, mwingine 78. Mtu wa kawaida husema kama 150. Mwaka 2024, huko Davis, mwanamume mwenye ugonjwa unaoua neva za misuli alirudishiwa usemi kwa usahihi wa asilimia 97 ya maneno. Wote watatu walisema Kiingereza, na programu zao ziliegemea maandishi mengi ya Kiingereza kukisia neno linalofuata. Sijui nani ataifundisha kompyuta kwamba "hatutawasahaulisha" ni neno moja.

Sasa upande ambao video hazionyeshi.

Majuma machache baada ya Arbaugh kupasuliwa, nyuzi nyingi zilijichomoa kwenye ubongo wake, takriban asilimia 85 ya zote. Kishale kikaanza kumkataa. Hawakumpasua tena, waliandika upya programu ili itumie zile chache zilizobaki, na ikafaa. Ilikuwa bahati na ustadi. Ubongo si ubao wa kupigilia misumari. Ni laini kama dafu, unacheza kwa kila mapigo ya moyo, na ukiingiziwa kitu unakizungushia kovu. Kovu likinenepa, elektrodi inasikia kidogo kidogo mpaka inakuwa kiziwi. Ongeza hatari ya kuvuja damu na ya wadudu kuingia. Kuna daktari Mmarekani, Phil Kennedy, mmoja wa waasisi wa kazi hii, ambaye mwaka 2014 alisafiri hadi Belize kwenda kupandikizwa elektrodi kwenye ubongo wake mwenyewe mzima, kwa kuwa kwao asingeruhusiwa. Alizinduka hawezi kusema. Usemi ulimrudia baadaye, na elektrodi zikaja kutolewa. Namheshimu, lakini huwa sipendekezi afuatwe.

Tuje kwa mjomba.

Kwanza mpe haki yake: watu waliounganishwa na mashine wapo tayari, tena pengine ameshapishana nao Dar es Salaam bila kujua. Mtoto aliyezaliwa kiziwi akiwekewa kipandikizi cha sikio, waya mwembamba huingizwa kwenye koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, na elektrodi zisizozidi ishirini na kitu hupeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Jaribio la kwanza la aina hiyo lilifanyika Paris mwaka 1957. Sasa vifaa hivyo vimepita milioni moja duniani. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuvipandikiza mwaka 2017; kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa India. Sauti anayoisikia mtoto siku ya kwanza ni kama redio isiyoshika mawimbi. Baada ya miezi ya mazoezi, ubongo wake unaifanya kuwa sauti ya mama. Ni kuzoeana kulekule.

Anapokosea mjomba ni kudhani kwamba kwa sababu kiziwi amesaidiwa kusikia, mzima atasaidiwa kuwa malaika. Tazama kasi. Desemba 2024 watafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, walichapisha hesabu: mwanadamu akiwa anachapa, anaongea au anacheza mchezo wa kompyuta, anachokitoa hakizidi sana biti 10 kwa sekunde, na biti moja ni jibu la ndiyo au hapana. Intaneti ya simu, hata ile ya kupanda juu ya kichuguu kuitafuta, inapitisha maelfu na mamilioni. Kwa mtu mzima, basi, vidole havimcheleweshi. Mwendo wa kuwaza wenyewe ndio ule. Nani atobolewe fuvu ili aandike ujumbe kwa kasi ileile ya gumba lake?

Na kuingiza ni kugumu kuliko kutoa. Umeme kidogo kwenye eneo la mguso unaweza kumfanya mtu ahisi kidole kimebonyezwa. Mwaka 2016 huko Pittsburgh Nathan Copeland alimpa Rais Obama mkono wa roboti na akaihisi mikono ikikutana. Ukipeleka eneo la kuona, mtu anaona vimulimuli. Lakini kupakia somo zima la Kifaransa kichwani usiku, asubuhi uamke unalijua, hapana, kwa sababu hakuna faili la kupakia. Chukua neno "nazi". Kichwani mwako liko kwenye sauti ya mbuzi ikikuna, kwenye harufu ya tui linapoanza kuchemka, kwenye uzito mkononi, kwenye bei ya sokoni. Kwa mdogo wako liko na kwenye siku ile. Mafundo hayo yamefungwa katika seli zilizotawanyika huku na huku, na kila kichwa kimefunga kwa namna yake. "Nazi" ya kwako ukiipachika kwangu haisomeki.

Kuhamisha akili nzima ndiko mbali kabisa. Kuna mnyoo mdogo, hauzidi milimita moja, wenye seli za neva 302 tu. Ramani ya mishipa yake yote ilichapishwa mwaka 1986, na hadi leo hakuna aliyeweza kuiweka ramani ile kwenye kompyuta ikaishi kama mnyoo ule anavyoishi. Ramani ya ubongo wa inzi wa matunda, seli kama 140,000, ilikamilika mwaka 2024. Mwaka huohuo Harvard na Google walionyesha kipande cha ubongo wa binadamu chenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo. Picha zake peke yake zilijaza petabaiti 1.4, yaani simu kama 11,000 za GB 128. Ubongo mzima una vipande kama hivyo zaidi ya milioni moja. Tena ile ni picha ya kitu kilichokufa. Inakuonyesha barabara, haikuonyeshi magari. Mwaka 2009 mwanasayansi Henry Markram alisimama mbele za watu akatangaza kwamba ubongo wa binadamu utaigwa kwenye kompyuta ndani ya miaka 10. Mradi mkubwa wa Ulaya uliozaliwa na ndoto hiyo ulianza 2013, ukafungwa 2023, umeacha ramani na zana nyingi nzuri, ubongo haukuigwa. Kwa hiyo mjomba akitaja miaka ishirini, mkaribishe chai.

Mama ndiye aliyeuliza vizuri, na sitamjibu harakaharaka.

Kuhusu siri. Kifaa kilichokaa eneo la mkono kinasikia habari za mkono. Hakijui jina la mpenzi wa mtu wala namba ya siri ya benki. Mwaka 2023 watafiti wa Austin, Texas, walitumia mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo, bila upasuaji, wakaweza kukisia kwa mukhtasari hadithi aliyokuwa akiisikiliza mtu. Lakini mtu huyo alilazwa kwanza ndani ya mashine saa kama 16 akisikiliza hadithi ili kompyuta imzoee. Ya kwake haikumfaa mwingine. Na akiamua kuhesabu moyoni au kuwaza wanyama, kompyuta inapotea njia. Hapo ningemwambia mama alale. Ila ningemficha nikinyamaza kuhusu la Agosti 2025: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba kwa waliopandikizwa eneo la usemi, hata maneno ya kujisemea moyoni yanaweza kunaswa, usahihi ukifikia asilimia 74. Walishtuka wenyewe, wakaweka kufuli: kifaa hakianzi kusoma mpaka mwenyewe awaze maneno fulani ya siri. Nimefurahi kwamba waliweka kufuli. Sikufurahi kwamba ilihitajika.

Kuhusu kutawala. Kwa wanaougua Parkinson, tangu Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, aanze njia hiyo mwaka 1987, waya huingizwa ndani kabisa ya ubongo na kupitisha umeme bila kukoma. Mkono uliokuwa ukitetemeka mpaka chai inamwagika unatulia pale pale. Ni jambo la kuona kwa macho. Lakini kwa wachache umeme ule umegusa na tabia: mtu mpole kawa mchangamfu kupita kiasi, anafanya mambo kwa papara, na daktari akiupunguza anarudi alivyokuwa. Mama angesema jini kapanda. Mimi nasema kifaa cha kusikiliza, kama cha kwenye video, hakifanyi hivyo. Cha kupeleka umeme kinaweza, ndiyo maana mgonjwa na familia wanapaswa kuelezwa kabla.

Kuna na bwana mwingine ambaye mama hakumtaja, nami ninamwogopa zaidi: kampuni. Zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa kipandikizi cha jicho kiitwacho Argus II, cha kampuni ya Second Sight ya California, kikawapa mwanga hafifu, kuona mlango, kuona mtu akipita. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza. Mwaka 2020 ikakaribia kufilisika. Kikiharibika hakuna spea, hakuna fundi. Watu wamebaki na chuma kilichokufa ndani ya jicho. Mimi ni fundi, na hospitali niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na chumba kizima cha mashine za msaada zilizokosa kifaa kimoja cha kubadilisha. Mashine ya chumbani unaifunika shuka. Ya kichwani utaifunika nini? Chile wameanza kulishughulikia: mwaka 2021 waliingiza ulinzi wa ubongo kwenye katiba yao, na 2023 Mahakama yao ya Juu iliiamuru kampuni moja kufuta taarifa za ubongo ilizozikusanya kwa seneta wa zamani kupitia kifaa cha kuvaa kichwani. Huku kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ni pa kuanzia.

Haya, mdogo wako.

Kukipata kifaa cha kwenye video kwa sasa, hapana. Bado kiko kwenye majaribio, washiriki ni wachache, wanachaguliwa wanaoishi mahali ambapo watafiti wanaweza kuwafuata kwa miaka. Jaribio halali halimtozi mtu hela ya kujiandikisha. Atakayewapigia simu akisema ana nafasi ya chipu mtume kwanza ada, kateni simu, na mwambieni mjomba asimtumie kwa siri.

Lakini kumbuka Arbaugh amepata nini hasa: kishale cha kompyuta. Hakuinuka kitandani. Mdogo wako ana sauti na ana shingo inayogeuka, na kwa hivyo viwili sehemu kubwa ya kile anachokitamani ipo ndani ya simu tayari. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kupo kwenye kibodi ya Google tangu 2017. Hukosea majina, lakini huandika. Simu nyingi za Android, kwenye mipangilio ya ufikivu, zina namna ya kuiendesha kwa kamera ya mbele: kuinua nyusi ni "mbele", kufungua mdomo ni "chagua". iPhone mpya kidogo, kuanzia mfumo wa iOS 18 wa mwaka 2024, hufuata macho. Na kuna njia ya kizamani ninayoipenda kuliko zote, kijiti cha mdomoni. Mti mkavu hauigusi skrini hata ukibonyeza mpaka kesho, kwa sababu skrini inangojea umeme wa mwili. Zungusha karatasi ya alumini, ile ya jikoni, kutoka nchani hadi pale meno yanaposhika, itaitika. Simu ifungwe kwenye stendi usawa wa uso. Nilimfungia hivyo mzee mmoja aliyekuwa karani, na juma la pili alikuwa ananitumia malalamiko marefu kuliko ya wagonjwa wote wenye mikono.

Kabla ya hayo yote, mwili. Hivi vitu havipigwi video, na ndivyo vinavyoua: kidonda cha kulalia na mkojo. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku pia, na muangalie ngozi ya mkiani na visiginoni kila siku. Doa lisiloondoka ukilibonyeza ni kengele. Na aliyevunjika shingo akipata ghafla kichwa kinachogonga, uso mwekundu au jasho juu ya shingo, usimpe dawa ya maumivu ukangoja. Mara nyingi ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja, na presha yake inapaa. Mkalishe wima, mlegezee nguo, nyoosha mpira, na kama haikutulia mara moja, hospitali.

Ukipata nafasi niandikie mambo mawili: kwenye karatasi zake za hospitali wameandika pingili gani ya shingo, C4, C5 au C6, na simu aliyonayo ni ya aina gani. Kwa hilo la kwanza nitajua misuli ipi ya kutegemea, na kwa la pili nitakuandikia mipangilio yenyewe, kitufe kwa kitufe. Na kama ana mtu wa kucheza naye chesi, ama hata bao, niambie pia, maana michezo yote miwili ipo kwenye simu.